Toy Matinee: Vibarua wa studio walipojiimbia wenyewe

MWEZI jana, katika darasa langu la istilahi, mwanafunzi mmoja wa uzamili alinyosha mkono akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Prof, yule mtu anayeitwa studio kupiga gita kwenye wimbo wa mtu mwingine, akalipwa, akaenda zake, Kiswahili chake ni nani?"

Majibu yalikuja mengi kwa mpigo. Mmoja alisema ni mwanamuziki wa sesheni. Mwingine akapendekeza "mpigaji ala wa kukodishwa", istilahi ndefu inayonuka kamati. Kisha sauti ikatoka nyuma kabisa, karibu na mlango: "Si ni kibarua tu, Prof?" Darasa zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Hebu tulitazame neno lenyewe. Kibarua, asili yake, ni barua ndogo. Zamani pwani yetu mfanyakazi wa kutwa alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kwamba amefanya kazi, naye akakionyesha ili apate ujira wake. Polepole jina la karatasi likamhamia mtu. Ni maneno machache sana katika Kiswahili yaliyomfanyia binadamu hivyo, kumwita kwa jina la stakabadhi yake. Yule kijana wa nyuma alikuwa anatania, lakini alikuwa amelenga shabaha kuliko alivyojua. Maana hata mwanamuziki wa kukodishwa ana kijikaratasi chake: kile kinachokunjwa ndani ya kaseti, chenye majina yaliyoandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Nilikwenda nyumbani jioni ile nikaitoa kaseti moja kwenye sanduku. Nimeishi nayo zaidi ya miaka 30. Inaitwa Toy Matinee, jina la bendi na jina la albamu kwa pamoja, na ilitolewa mwaka 1990 na kampuni ya Reprise. Niliinunua nikiwa mwanafunzi wa uzamifu Marekani, katika mji wenye baridi isiyojua utu, kutoka kwenye kapu la kaseti zilizokosa wanunuzi. Dola moja. Nilivutiwa na jina tu. Nilidhani ni mambo ya sinema ya mchana, zile tulizokuwa tukitoroka shule kwenda kuzitazama.

Kumbe ni albamu ya vibarua.

Tuanze na Patrick Leonard, mpiga vinanda. Ikiwa uliwahi kusikia redio katika miaka ya themanini, basi umemsikia, hata kama jina lake halikukufikia. "Live to Tell", "La Isla Bonita" na "Like a Prayer" ni nyimbo alizotunga pamoja na Madonna. Matatu yetu ziliupiga huo wa pili mpaka wasiojua Kihispania wala Kiingereza wakaweza kuufuatisha. Mpiga besi ni Guy Pratt, Mwingereza aliyekuwa akizunguka dunia na Pink Floyd baada ya Roger Waters kuondoka. Mpiga gita ni Tim Pierce. Huyu ndiye aliyepiga gita katika "Runaway", wimbo uliomtambulisha Jon Bon Jovi kwa ulimwengu wakati hata bendi yake haijaundwa. Kwenye ngoma yupo Brian MacLeod.

Mtayarishaji ni Bill Bottrell, na kisa chake kimoja hunifurahisha kila nikikisimulia. Mwaka mmoja baada ya Toy Matinee, Michael Jackson alitoa "Black or White", wimbo ambao Bottrell aliutayarisha pamoja naye. Kati kati ya wimbo kuna maneno ya kughani, ya kufokafoka. Katika video tuliona yule mtoto wa filamu, Macaulay Culkin, akiyatamka barabara barani. Sauti ile si yake. Ni ya Bottrell mwenyewe, na kwenye kijikaratasi ameandikwa kwa herufi tatu tu: L.T.B. Dunia nzima ilisikia sauti ya mtu huyu na haikujua kwamba imemsikia.

Aliyebaki ni mwimbaji, Kevin Gilbert. Leonard alimpata mwaka 1988 kwenye mashindano ya bendi yaliyodhaminiwa na Yamaha. Leonard alikuwa miongoni mwa waamuzi. Bendi ya Gilbert, Giraffe, ikashinda. Kijana alikuwa na umri wa miaka 21 hivi, anapiga vinanda, anapiga gita, anaimba, tena anajua mitambo ya kurekodi. Leonard, aliyekuwa amechoka kuwa mkono wa kulia wa mtu mwingine, akaona amepata koo la kusemea.

Albamu za watu wa aina hii zina sifa mbaya. Wahakiki huzisikiliza kwa dakika tano wakasema: ustadi mwingi, moyo hakuna. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo. Tulipata Toto, kundi la vibarua mashuhuri wa Los Angeles, ambao baadhi yao walipiga ala katika Thriller ya Michael Jackson. Wimbo wao "Africa" wa 1982 umepangwa kwa umahiri usio na kasoro, ila wanausimamisha Kilimanjaro juu ya Serengeti kwa namna ambayo mtoto wa shule ya msingi Moshi atakusahihisha. Vidole vilijua kazi. Walichokiimba hawakuwa wamekitazama.

Toy Matinee si hivyo, na hoja yangu leo ni hii: watu ambao kazi yao ilikuwa kukuza majina ya wengine, walipopata nafasi ya kusema lao, walisema kuhusu majina. Nani anatajwa, nani hatajwi, nani anaomba asisahauliwe. Nyimbo ni 9, muda wake kama dakika 40. Tazama tu vichwa vyake. "Turn It On Salvador" unamwita kwa jina mchoraji Salvador Dalí, aliyekuwa amefariki Januari 1989. "The Ballad of Jenny Ledge" unataja jina la msichana mpaka la ukoo, kama vile mtu anayeripoti polisi. "Remember My Name" unaomba jina likumbukwe. "Queen of Misery" una cheo bila jina. Na "There Was a Little Boy", wimbo mzito kuliko yote, una mtoto ambaye hakupewa hata jina.

Nianze na ule ulio karibu nasi zaidi, "Remember My Name". Umehusishwa na Václav Havel, mwandishi wa tamthilia wa Chekoslovakia aliyefungwa kuanzia 1979 hadi 1983 kwa sababu ya maandishi na msimamo wake, kisha akawa rais wa nchi yake Desemba 1989. Nilipousikia mara ya kwanza, katika chumba changu cha baridi, sikumfikiria Havel. Nilimfikiria Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa kuandika kijitabu "Kenya: Twendapi?", akatoka 1972 na mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki. Wakati ule nyumbani bado watu walikuwa wakitiwa kizuizini. Jina la mtu liliweza kutoweka magazetini kwa siku moja, na jirani zake wakaacha kulitaja hata sebuleni kwao. Msomaji wa rika langu ananielewa.

Kinachonigusa katika wimbo ule ni uamuzi wa kiisimu. Mtunzi hakusimama nje akamsifu mfungwa kwa nafsi ya tatu, kama tunavyofanya katika nyimbo nyingi za mashujaa: yeye ni simba, yeye ni mwamba. Alimpa mfungwa nafsi ya kwanza. "Yangu", si "yake". Aghalabu nyimbo za kisiasa hufa pale zinapoanza kumzungumzia mtu badala ya kumwachia azungumze. Muziki nao unatii uamuzi huo. Ala hazigombei nafasi na sauti. Sauti zinajengwa tabaka juu ya tabaka, lakini maneno hayafunikwi. Hapo ndipo ukibarua wa watu hawa unapogeuka kuwa fadhila: wamezoea kumpisha mwenye wimbo, na safari hii mwenye wimbo ni mfungwa.

"Jenny Ledge" ni mchezo, lakini mchezo wenye miiba. Msichana anamwacha mpenzi wake na kumfuata mwigaji wa Elvis Presley. Si Elvis, huyo alifariki 1977. Ni mtu anayejipatia riziki kwa kuvaa kama yeye. Ukiusikia kijuujuu utacheka. Ukikumbuka kwamba wanaoupiga ni watu wanaolipwa ili wasikike kama yeyote anayehitajika siku hiyo, kicheko kinapungua. Kijana anaachwa, na anayemshinda si bora kuliko yeye wala si maarufu. Ni nakala. Kiitikio chake ni kitamu mno, kile cha kukushika sikio ukiwa unaosha vyombo, na nadhani utamu huo ni wa makusudi.

Halafu "Queen of Misery". Kuna malkia wa huzuni anayesemwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hatajwi. Wasikilizaji wengi wameona kivuli cha Madonna hapo. Sisi watu wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa jambo hili. Ni fumbo la taarabu. Unaimba katikati ya harusi, kila mtu anacheza, na mwanamke mmoja kwenye mkeka anajua kabisa kwamba shoka limemwangukia yeye. Huwezi kumshtaki mwimbaji, kwa kuwa hakukutaja. Ukisimama kulalamika umejitaja mwenyewe. Na kama ilivyo kwa taarabu, sumu inatiwa kwenye asali: tuni ni changamfu, inakumbusha Beatles. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu wimbo huu sambamba na mipasho ya pwani, na nitarudi kwenye jambo hilo, maana lina deni ndani yake.

Sisemi kwamba albamu haina kasoro. Wimbo wa Salvador umejazwa taswira kama insha ya mwanafunzi anayetaka mwalimu ajue kuwa amekisoma kitabu kizima. Katika wimbo uliobeba jina la albamu, mdundo unavunjwavunjwa kwa hesabu za kujionyesha, na hapo ndipo wale wahakiki wa dakika tano wanapata ushahidi wao. Ngoma zimesafishwa mno mahali pengine, mpaka unatamani mtu akohoe. Na kuna ubaridi fulani wa Gilbert kwa wanawake, hasa katika hicho kijembe nilichokitaja, ambao mabinti walio darasani kwangu siku hizi huuona haraka kuliko nilivyouona mimi. Wana haki. "Things She Said" kidogo unauponya, kwa sababu humo angalau maneno ya mwanamke ndiyo yanayobaki. Na "We Always Come Home" unafunga albamu kwa upole ambao hautangulizwi na chochote kabla yake.

Kwa nini basi haikuvuma? Sababu moja ni ya wazi. Leonard alikuwa na kazi nyingi za kulipwa, naye hakutaka kwenda ziarani. Mwaka 1992 alikuwa kwenye orodha ya watayarishaji wa Amused to Death ya Roger Waters. Miaka mingi baadaye angekaa na Leonard Cohen akamtungia muziki uzeeni. Pierce na Pratt nao walikuwa na simu zao zinazolia. Kibarua hakatai kazi ya kesho kwa ajili ya ndoto ya jana. Gilbert akaenda ziarani na watu wengine kabisa. Miongoni mwao, kwenye vinanda na sauti za kuitikia, alikuwa msichana asiyejulikana aliyeitwa Sheryl Crow.

Hilo nalo lina mkia wake. Baada ya Toy Matinee, Bottrell alikuwa na studio yake huko Pasadena, California. Wanamuziki walikutana hapo Jumanne usiku, Gilbert na MacLeod wakiwamo, kutunga bila kujua wanamtungia nani. Crow alijiunga nao, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake iliyobeba jina la mikutano hiyo, Tuesday Night Music Club. "All I Wanna Do" ukaimbwa dunia nzima. Maneno yake kwa sehemu kubwa yametoka kwenye shairi la Wyn Cooper, na watunzi walioandikishwa ni watano: Cooper, Crow, Bottrell, David Baerwald na Gilbert. Crow alizoa tuzo 3 za Grammy mwaka 1995. Kukazuka mzozo hadharani kuhusu nani alichangia nini na nani alistahili kutajwa kwa sauti gani. Sitajitia kuwa kadhi wa kesi ile. Ninachokiona kama mtu wa maandishi ni kwamba majina yote matano yalikuwepo kwenye karatasi, tangu siku ya kwanza. Hayakufichwa. Hayakusomwa tu.

Gilbert alifariki Mei 1996. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Sasa lile deni. Kwa miaka mingi nimewachosha wenzangu kwa kisa cha mchapishaji mmoja, ambaye simtaji, aliyenipa kazi ya kutafsiri kitabu cha shule nikiwa mhadhiri kijana. Kitabu kilipotoka, jina langu halikuwepo popote, hata ndani. Nimekisimulia kisa hicho kwenye makongamano, kwenye hafla za kuzindua vitabu vya watu wengine, na mara moja kwenye mazishi. Mtunzi wa utenzi wa zamani aliweza kujitaja katika beti za mwisho, na mtunga mashairi wa gazetini huweka jina lake, lakabu yake na mji wake. Kwa nini mfasiri aondoke kama mtu aliyeingia kusoma mita ya maji? Hoja hiyo naijua kwa moyo.

Basi jioni ile nilipoitoa kaseti sandukuni, chini yake palikuwa na nakala ya makala yangu kuhusu nyimbo za harusi za Lamu, yaliyotokana na utafiti wa 1996. Ni makala yaliyonipandisha cheo. Nyimbo zilizokusanywa ni 43. Nyingi sikuzirekodi mimi, kwa kuwa zinaimbwa na wanawake ndani ya nyumba ambazo mimi, mwanamume wa kuja, nisingepewa hata kiti cha barazani. Alizipata kijana wa Lamu, kupitia mama yake na makhaloo zake. Aliziandika kwa mkono, akanieleza Kiamu chake neno kwa neno. Nilimlipa kwa kutwa. Nilifungua ukurasa wa mwisho nikasoma shukrani: "kwa msaidizi wangu wa utafiti". Basi. Hakuna jina.

Si hilo tu. Wakati ule tulikuwa tukiendesha gari langu kuukuu kutoka Malindi hadi Mokowe, na kaseti iliyokuwemo ilikuwa hii hii. Ulipofika "Queen of Misery", kijana aliacha kutazama dirishani. "Mwalimu," akaniambia, "huyu ampiga mtu kijembe. Tena amjua. Huwezi kumtilia mtu asali yote hiyo kama humjui." Akaniuliza malkia ni nani. Nikamweleza Leonard alikuwa akimfanyia nani kazi. Akacheka mpaka akagonga dashibodi. Ile hoja ya fumbo na taarabu niliyokupa hapo juu, msomaji, ambayo nimeifundisha miaka yote hii na wanafunzi wakainukuu kwa jina langu, ilitoka kwenye kiti cha abiria.

Nilimpigia simu Ijumaa. Sasa ni mwalimu mkuu, ana wajukuu wawili. Nilimwambia makala yale yanachapishwa upya mwakani ndani ya kitabu, na nataka jina lake liwe juu, kando ya langu, kama mwandishi. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Akasema nisiliandike gazetini kabla. Anataka kuliona kitabuni kwanza, asije akawatangazia watu bure. Nikakubali.

Kisha akauliza kama ile kaseti ingali yacheza. Nikamwambia upande wa pili utepe umekatika, pale pale kwa Jenny.

"Basi niletea upande wa kwanza," akasema.